Tableti Chini ya Draya

Walioitengeneza Surface Pro ya kwanza, ile tableti ya Microsoft iliyoingia sokoni Februari 2013, hawakukusudia ifunguliwe na afisa ugani wa Mbeya, wala na afisa mwingine yeyote. Kioo chake cha inchi 10.6 kimebandikwa kwa gundi nyeusi nzito pande zote, nyaya nne zimepitishwa pembezoni mwa kioo mahali hasa panapopita mkono wa mfunguaji, na mwilini mwake mna skrubu zaidi ya 90. iFixit, ambao kazi yao ni kuvifungua vifaa na kuvipa alama kwa urahisi wa kutengenezeka, waliipa alama 1 kati ya 10. Hata hivyo walitaja jambo moja lililonitia kiburi: diski yake ni ya aina ya mSATA, yaani kadi ndogo ya kuhifadhia data, nayo haikuchomelewa kwenye bodi. Atakayefanikiwa kuifikia anaweza kuichomoa na kuweka nyingine.

Yangu ilikuwa ya GB 64, ambazo zaidi ya nusu yake ilikwisha kuliwa na Windows pamoja na vikorombwezo vyake. Nafasi iliyosalia niliijaza picha za viazi vyenye mnyauko kutoka Umalila na za parachichi za Rungwe, hata ikafika mahali nikawa ninasimama katikati ya shamba la mtu nikitafuta picha ya kufuta kabla ya kupiga nyingine, huku mwenye shamba akiwa ameshikilia kiazi na kuendelea kutabasamu. Niliagiza diski ya GB 256 kutoka Dar es Salaam. Ilikuja kwa basi, kipande chenye urefu wa takribani sentimita 5 na upana wa sentimita 3, kikiwa peke yake ndani ya boksi la viatu.

Shida ilikuwa joto. Gundi ya namna hiyo hulainika ikipashwa moto na kukakamaa tena ikipoa, na Julai ya Mbeya, wakati watu wanaingia ofisini na makoti na kuketi nayo mpaka jioni, haiachi kitu kikae na joto lake kwa muda wa kutosha. Nyumbani nilisogeza jiko la mkaa, lakini mke wangu aliniuliza kwa upole kama ninataka kuchoma tableti au nyumba, kisha akalichukua jiko lake. Nikakumbuka kwamba mdogo wake ana saluni Mwanjelwa, na kwamba saluni ina draya ya kusimama, ile ya kofia kubwa, ambayo hutoa joto la kudumu bila kuunguza. Ikiwa kichwa cha binadamu kinalistahimili, niliona na tableti italistahimili.

Shemeji alinipokea vizuri. Aliilaza tableti juu ya kiti, akarundika mito miwili chini yake ili ifike kwenye kofia, akarekebisha kipimo cha joto, na kwa mazoea akaifunika taulo mabegani, yaani pale ambapo mabega yangekuwepo.

Mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, aliyekuwa na rola kichwani akingoja zamu, alikitazama kiti kile kwa muda mrefu.

“Shikamoo mama,” nilisema, nikiona hali si nzuri.

“Marahaba, mwanangu. Huyu mwenzangu aliyenitangulia anaweka seti au anakausha tu?”

“Ni dakika chache, mama. Nalainisha gundi.”

“Mimi nimelowa tangu asubuhi, na yeye hana hata unywele mmoja.”

Wanawake wote wakacheka, na shemeji akacheka kuliko wote, ingawa mteja ni wake. Gundi ilipolainika, nilipenyeza kadi ya zamani ya benki kwenye pembe ya juu, nikaitelezesha polepole nikizikwepa nyaya, nikapachika kadi ya pili upande wa pili. Kioo kilikuwa kimeanza kuinuka. Hapo umeme ukakatika.

Asiyewahi kuona gundi ikipoa huku kadi zake mbili zikiwa ndani hawezi kuijua fadhaa ile. Zilibanwa. Kuzivuta ni kukipasua kioo. Kuziacha ni kuwa na tableti yenye masikio mawili ya plastiki. Nikaeleza, kwa sauti ambayo sasa nadhani ilikuwa ya kusihi, kwamba wapo mafundi ambao hupasha mchele mkavu kwenye kikaango, wakautia ndani ya soksi na kuulaza pembezoni mwa kioo, kwa kuwa mchele hutunza joto. Jiko la chai lilikuwepo nyuma ya saluni. Kikaango kikapatikana kwa jirani muuza chipsi. Mchele ulikuwa chini ya kiti cha yule mama, kwenye mfuko. Soksi iliyopatikana ilikuwa yangu.

“Mchele wa Kyela!” alisema yule mama, akiutazama ukimiminwa. “Ndani ya soksi ya mwanamume! Utaulipia wote, baba, na usithubutu kunirudishia.”

Harufu ilijaa saluni nzima, tamu kiasi kwamba wapita njia walichungulia wakidhani pamefunguliwa mgahawa. Lakini joto lilifanya kazi yake: gundi ikaachia, kioo kikainuka, na nyaya zote nne zikabaki salama. Soksi ile ilikuwa na tundu dogo kwenye kidole gumba, jambo ambalo wakati huo halikumshughulisha mtu yeyote.

Skrubu nilizifungulia nyumbani, juu ya karatasi niliyoichora ramani ya kila moja mahali ilipotoka. Nikachomoa diski ya zamani, nikachomeka mpya, nikaweka Windows upya kwa flashi ya urejeshaji, na kioo nikakirudisha kwa utepe wenye gundi pande mbili. Iliwaka mara ya kwanza. Nilipokwenda sokoni kulipa deni la mchele nilimwonyesha yule mama kwa fahari, naye akavaa miwani.

“Ulisema 256. Hapa naona 238.”

Nikamweleza kwamba mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, kwa hiyo diski ni ileile, kipimo ndicho tofauti.

“Sisi tukipima hivyo, Wakala wa Vipimo wanatufungia duka,” alisema, akahesabu fedha zake mara mbili.

Surface Pro hiyo ina feni mbili ndogo, ambazo hukaa kimya mpaka kazi iwe nzito. Kazi nzito ya kwanza ilikuwa kikao cha robo mwaka, nilipofungua picha zote za Umalila kwa pamoja kwenye projekta. Feni zikaanza kuzunguka, na moja ikatoa mlio wa kukwaruza uliowafanya wajumbe wawili wainue miguu wakidhani kuna panya. Baadaye hewa ya moto ikaanza kutoka pembezoni mwa tableti, na harufu ya wali wa Kyela ikaenea mezani, polepole, kuanzia kwa mhasibu. Mwenyekiti aliinua pua, akatazama mlango, akafunga faili lake na kutangaza kwamba, kwa kuwa chakula kimekwisha kufika, ajenda ya mnyauko wa viazi itaendelea baada ya mlo. Wajumbe wakatoka kwenda kunawa mikono. Chakula chenyewe kilifika saa nane na nusu, na kilikuwa ugali.