Watoto wetu wana shughuli za kanisa, muda na Mungu hawana

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilimkuta binti wa jirani yangu chini ya mkorosho, shambani kwao, nje kidogo ya Masasi. Yuko kidato cha tatu. Alikuwa ameinama, ndoo ubavuni, bibo mkono wa kushoto, mkono wa kulia unaisokota korosho mpaka inachomoka. Korosho inaingia kwenye ndoo, bibo linatupwa kwenye rundo ambalo tayari limeanza kunuka uchachu. Bado alikuwa na shati la shule, na upande wa kifuani limeshaingia yale madoa ya bibo yasiyotoka hata ulifue kwa sabuni gani. Mimi ni mlezi wa vijana parokiani, kwa hiyo nikamuuliza swali ninalowauliza wote: "Siku hizi unasali?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Mama, nikifumba macho tu nalala."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ajitahidi, muda wa Mungu haukosekani. Nikaondoka nikijiona nimemshauri. Ni usiku, nikiwa kitandani, ndipo nilipoanza kuihesabu siku ya yule mtoto. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye foleni ya maji. Saa moja kasoro yuko shuleni, amekwenda kwa miguu. Masomo ya ziada mpaka saa tisa na nusu. Kutoka hapo shambani mpaka jua linazama, kisha moshi wa jikoni, kisha mdogo wake wa kuogesha, kisha daftari kwa mwanga wa taa ya sola. Jumamosi alfajiri kuna jumuiya. Jumamosi mchana kuna mazoezi ya kwaya, saa nane mpaka giza linaingia. Jumapili anaimba misa ya kwanza, ikiisha kuna kikao cha vijana, na kikao chetu hakijawahi kuisha kabla ya saa saba. Kikao hicho nakiongoza mimi.

Tangu siku hiyo nina neno moja ninalolisema kila nikipata nafasi, na wenzangu wengine hawalipendi. Watoto hawa hatujawanyima dini. Tumewapa tele. Wanajua nyimbo, wanajua michango, wanajua nani anashika bendera siku ya somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wake. Tulichowanyima ni robo saa ya kukaa na Mungu bila mtu kuwaita. Halafu tunasimama mbele yao tunawalaumu kwamba kizazi hiki hakisali.

Wazazi wengi wakinisikia wanakimbilia simu. Ni simu, mama, ni simu. Siwapingi wote. Wako vijana wanaonunua bando la usiku na kukesha nalo, na asubuhi hawana macho ya kusalia wala ya kusomea. Lakini shuleni simu hairuhusiwi, na katika vijana ninaowalea wengi wanaazima ya mama, tena kwa kuomba. Yule binti hana simu. Kilichomchosha ni sisi.

Na msimu wa korosho nauelewa, mimi pia nina mikorosho. Korosho ikidondoka haingojei. Mvua za Desemba zikiikuta chini inaharibika, daraja linashuka, na ukichelewa kuipeleka chama cha msingi cha ushirika, mnada unakupita. Madaftari, sare, bati la nyumba, vyote vinatoka humo. Bahati mbaya msimu wenyewe unaangukia Novemba, mwezi ambao kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Kwa hiyo simwambii mzazi amwondoe mtoto shambani. Kazi haijawahi kuwa adui wa sala.

Anayebisha hilo apande gari aende Ndanda, si mbali na hapa. Wabenediktini wako pale tangu 1906, baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kushambuliwa katika vita vya Majimaji mwaka uliotangulia. Watawa wale hawajawahi kukosa kazi: hospitali, karakana, shule, mashine za uchapaji. Lakini kengele ikilia, mtu anaacha alichokishika. Ndivyo Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inavyowataka, na imewataka hivyo tangu karne ya 6. Kanuni hiyohiyo inasema jambo ambalo natamani kila mlezi wa vijana alijue: sala iwe fupi na safi. Fupi! Mtakatifu aliyewaandikia kanuni watu wa sala anasema fupi, na mimi nilikuwa namtaka mtoto wa miaka 16, aliyetoka kuokota korosho, apige magoti saa nzima.

Majirani zetu Waislamu nao wananifundisha hapa. Adhana ya alfajiri inatukuta sote macho, sisi wa foleni ya maji. Namwona kijana wa Kiislamu, rika la vijana wangu, anaweka ndoo chini, anatawadha, anaingia msikitini, baada ya dakika chache amerudi kwenye nafasi yake na hakuna aliyemruka. Foleni nzima inamlindia. Hakuna anayemwambia "sali ukipata nafasi." Nafasi yake inajulikana, na wakubwa wanaiheshimu. Wetu tumewaambia wasali muda wowote, na muda wowote umegeuka kuwa hakuna.

Kuna jambo jingine huwa linanijia. Ukristo wa Masasi hii, kwa ndugu zetu Waanglikana, ulianza 1876 na watu waliotolewa utumwani, waliokuja huku na Askofu Steere. Watu ambao siku zao zilikuwa mali ya mtu mwingine tangu jua kuchomoza. Nawaza ilikuwaje kwao, asubuhi ya kwanza, kuwa na saa ambayo ni yao na kuamua kumpa Mungu kipande chake. Sitaki kulinganisha mateso, hayalingani hata kidogo. Ila nikiwaza hivyo naona kwamba huwezi kumdai mtu atoe muda kabla hujamwachia muda wenyewe.

Basi Februari tulikaa na mwalimu wa kwaya. Tulibishana sana, kwa sababu Pasaka ilikuwa inakaribia na sauti ya pili ilikuwa bado. Mwisho tukakubaliana mazoezi yaanze saa tisa, yaishe saa kumi na moja, na kabla ya wimbo wa kwanza kila kijana akae peke yake, popote uwanjani, dakika kumi, bila kitabu cha nyimbo. Anayetaka asome Injili ya kesho yake. Anayetaka akae tu. Jumamosi ya kwanza walichekeana. Ya pili wavulana wawili walitoroka wakaenda kutazama mpira. Wavulana bado wananishinda, nakiri, maana wakishaanza kukaa kijiweni kwa bodaboda wananiona kama polisi. Jumamosi ya nne hakuna aliyecheka, na nilipogonga kengele wapo waliochelewa kuinuka.

Yule binti nilimrudia. Nilimwomba msamaha kwanza, akaona haya kuliko mimi. Kisha nikamsimulia habari za Eliya katika Wafalme wa Kwanza, alipochoka mpaka akajiombea kufa, akajilaza chini ya mti akalala usingizi. Malaika alipomgusa hakumkemea kwa kulala. Alimwambia, "Inuka, ule." Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akamwacha. Binti akaniuliza, "Kwa hiyo nikilala nikiwa nasali si dhambi?" Nikamwambia alale. Amwambie Mungu usiku mwema, alale. Sala yake aihamishie kwenye foleni ya maji, pale anaposimama nusu saa bila kuhitajika na mtu: Baba Yetu moja, polepole, neno kwa neno, na jina la mtu mmoja wa kumwombea.

Mama yake alikuwa anatusikiliza, anachambua mboga. Akasema yeye pia hajasali peke yake tangu amzae huyu mtoto wa kwanza, miaka 16. Akasema jioni, ugali ukishapakuliwa, vyombo vinaweza kungoja kidogo.

Oktoba msimu utafunguliwa tena. Nitapita nyumba kwa nyumba, kwa wazazi wa vijana wangu wote 34, kuwaomba hizo dakika za jioni kabla ya vyombo. Nimeshaanza na kwangu.