Dada Yangu Aliambiwa Apunguze Uzito, Hakuulizwa Kuhusu Jenereta

Apunguze uzito. Hilo ndilo jibu alilopewa dada yangu mara tatu ndani ya miezi miwili, na mara ya tatu nilikuwa nimekaa pembeni yake. Kichwa kilikuwa kinamuuma kila asubuhi, kizunguzungu, kichefuchefu, na uchovu wa kushindwa hata kukunja nguo. Daktari alimtazama, akatazama mizani, na kuanzia hapo kila alichokitaja kilikuwa na maelezo tayari. Anachoka? Uzito. Anahema akipanda ngazi? Uzito. Kifaa cha kidoleni kikasoma 98, tukaambiwa oksijeni iko sawa, tukaondoka.

Hakuna aliyemuuliza analala wapi. Dirisha la chumba chake linatazamana na jenereta ya jirani inayonguruma usiku kucha. Mwanawe, kijana mwembamba kama fito, naye alikuwa akilalamika kichwa, lakini yeye tulimwambia anatazama simu mno. Walipokuja kukaa kwangu wiki moja, wote wawili walipona. Waliporudi kwao, siku ya pili tu maumivu yakaanza upya. Hapo nikaacha kuamini habari ya uzito, nikaanza kusoma kuhusu kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye moshi wa jenereta.

Kilichonitia hasira kuliko vyote ni ile 98. Gesi hii huing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu iliyoibeba hubaki nyekundu. Kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha wekundu huo na wa oksijeni. Mtu anaweza kuwa amejaa sumu na bado kikasoma vizuri kabisa. Kinachohitajika ni kipimo cha damu kinachoitafuta gesi yenyewe, au cha pumzi, na kifanyike mapema, kwa sababu ukivuta hewa safi nusu yake hutoka mwilini katika saa 4 hadi 6 hivi. Mgonjwa aliyeamka alfajiri, akasafiri, akakaa foleni mpaka mchana, anamfikia daktari ushahidi umeshapungua. Kinachobaki ni maneno yake. Na maneno ya mtu mnene hayasikilizwi.

Narudia, hayasikilizwi. Dalili za sumu hii zinapozidi kidogo kidogo, siku baada ya siku, zinafanana mno na yale ambayo watu wanene huambiwa ni yao kwa haki: uchovu, kuhema, kichwa kizito, moyo kwenda mbio. Mwembamba akizitaja, daktari atatafuta sababu. Mnene akizitaja, sababu imeshaonekana alipopita mlangoni. Maswali ambayo yangemwokoa hayachukui hata dakika moja. Je, ukitoka nyumbani unapata nafuu? Kuna mwingine nyumbani anayeumwa kichwa? Mnawasha nini ndani au karibu na madirisha?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba uzito mkubwa unaelemea moyo na daktari hakusema uongo. Lakini kama moyo umeshaelemewa, si ndiyo sababu ya kuuliza kwa bidii zaidi? Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 uliwachukua wanaume wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, ukawavutisha gesi hii kwa kiasi kidogo, kisha wakatembezwa kwenye mashine ya mazoezi. Gesi ilipofikia asilimia 2 hadi 4 tu ya himoglobini yao, maumivu ya kifua yaliwajia mapema zaidi. Hicho ni kiwango ambacho wavutaji sigara wengi hutembea nacho kila siku. Na wale walichaguliwa kwa mioyo yao, si kwa uzito wao.

Watafiti nao nina neno nao. Fomula ya Coburn, Forster na Kane ya mwaka 1965, inayokadiria gesi inavyoingia kwenye damu, inahitaji kujua wingi wa damu na kiasi cha hewa anachovuta mtu. Mwili mkubwa una vyote viwili kwa wingi. Hewa nyingi huiingiza gesi upesi, damu nyingi huigawanya, kwa hiyo jibu halipatikani kwa kukisia. Lazima watu wanene wapimwe wao wenyewe. Wapimwe vyumbani mwao, usiku, na uvutaji sigara utenganishwe vizuri, maana wavutaji kwa wastani huwa wembamba kidogo na gesi hii wanayo nyingi. Usipolitenganisha hilo, utaambiwa sumu inapunguza mwili. Zipo hata tafiti za panya waliolishwa mafuta mengi, wakapewa dawa inayoachia kaboni monoksaidi kidogo mwilini, wakanenepa pungufu ya wenzao. Dozi ya maabara si moshi wa jenereta, jamani. Asithubutu mtu.

Mwaka 2022, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mtu 1 kati ya 8 alikuwa na unene uliokithiri. Hilo si kundi la kuwekwa kwenye tanbihi ya utafiti.

Tulinunua kengele ya kutambua gesi, tukaiweka chumbani kwa dada. Ililia usiku wa kwanza, saa tisa. Jirani alikuja mwenyewe kuisikiliza, na kabla ya jioni jenereta ilikuwa imehamishiwa mbali, upande wa pili wa uwanja wake.

Huu mwezi wa pili kichwa hakijamuuma. Kijana naye mzima, simu yake anayo. Kwenye mizani dada yuko palepale, hajapungua hata kilo moja, na ngazi anapanda. Juzi tumekaa tu, akanigeukia: "Sasa mdogo wangu, zile siku zote nilizolala na njaa zilikuwa za nini?"