WebTV: king'amuzi cha intaneti tulichokicheka mapema mno

Kila ikitajwa WebTV, kile kisanduku cha kuunganisha TV na intaneti, watu wa teknolojia wanacheka, eti jamaa walitaka mtu aperuzi intaneti kwenye TV ya sebuleni, kibodi mapajani. Na vya kuchekesha vipo kweli, mwanzoni kabisa kampuni ilijificha kwa jina la Artemis Research na kwenye tovuti yao wakaandika kwamba wanatafiti kuku wanaokosa usingizi, ili tu watu wasinuse wanachopika. Ila mi naona tumecheka kabla ya kufungua kile kisanduku tukaona kina nini.

Wazo lenyewe ni la Steve Perlman, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, usiku mmoja yuko mtandaoni akaangukia tovuti ya Campbell's, wale wa supu za kopo, imejaa mapishi. Akajiuliza, sasa haya anasoma nani? Wanaoyahitaji wako sebuleni wanaangalia TV, kompyuta hawana wala hawana mpango nayo. Kampuni ikaanza 1995, mwaka uliofuata visanduku vikaingia dukani Marekani vikiwa na nembo za Sony na Philips, bei dola 300 na ushee, na karibu dola 20 kila mwezi.

Wanaoponda wana hoja, tusidanganyane. TV za wakati ule hazikuwa za kusomea, picha inachorwa kwa zamu, mistari ya witiri kwanza ndio ije ya shufwa, kwa hiyo herufi nyembamba zinacheza-cheza machoni, pembeni fremu inakula ukurasa, na wewe uko kwenye kochi huko mbali. Kibodi unanunua pembeni. Na hoja yao kubwa kuliko zote: leo TV kibao zina brauza ndani, yaani programu ya kufungulia tovuti, nani anaigusa? Hiyo siwezi kuipangua.

Lakini sasa angalia walikuwa wanafanyia kazi nini. Prosesa ya 112 MHz, modemu (kifaa kinachopiga simu ili kuingia mtandaoni) ya 33.6 kbps, na RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ya MB 2. Mbili! Picha moja unayotumiwa leo kwenye grupu la familia inaweza isienee humo. Sasa unafunguaje tovuti yenye mapicha kwenye MB 2? Jibu lao ni kwamba hufungui wewe, zinafungua seva zao, yaani kompyuta za kampuni zilizoko upande wa pili wa mtandao. Unabonyeza linki, seva zao zinaenda kuchukua ukurasa, zinapunguza uzito wa picha, halafu ndio unateremshiwa uliokwisha kukonda, unapangwa utoshe upana wa pikseli 544 maana kusogeza kulia na kushoto hakukuwepo. Kama uliwahi kushika simu ya batani yenye brauza ya Opera Mini, ukaona kurasa zinafunguka kwa MB chache za bando wakati brauza ya simu yenyewe inakwama na kuandika memori imejaa, basi unaijua hiyo kazi vizuri sana. Ni mchezo uleule, na Opera Mini ilitufikia miaka kama kumi baadaye. Huku kwetu hakuna aliyeicheka, tuliishi nayo.

Kwa hiyo mtu anaposema WebTV ilifeli mi huwa nauliza, kufeli kivipi? Microsoft waliinunua 1997 kwa dola milioni 425, kampuni haijafikisha hata miaka miwili. Huduma, baadaye kwa jina la MSN TV, ikadumu mpaka Septemba 2013, yaani miaka 17, ni bidhaa ngapi za enzi zile zilifika huko? Na mmoja wa mainjinia wake alikuwa Andy Rubin, ambaye baadaye alikuwa kati ya walioanzisha Android, ule mfumo wa simu. Sisemi Android ilitoka kwenye king'amuzi, hapana. Ila ile imani kwamba mtu asiyejua kompyuta apewe kitu anawasha tu na kutumia, hiyo iko mfukoni mwako sasa hivi. Walichokosea ni kioo, walidhani kitakuwa cha TV.

Kinachoniuma mimi ni kingine wala hakihusiani na herufi kucheza. Ujanja uleule wa seva uliofanya MB 2 zitoshe ndio uliokimaliza, kwa sababu bila seva kisanduku hakina lolote. Tarehe 30 Septemba 2013 zikazimwa, na bibi wa watu huko Marekani mwenye kisanduku kizima kabisa, hakijawahi kwenda kwa fundi, akabaki anakiwasha, taa inawaka, modemu inapiga, upande wa pili hakuna wa kupokea.