Mdoli wa leba na mama wa kweli, nesi anaivia wapi?

Huku Mbeya na Iringa manesi tunabishana sana, wanafunzi waongezewe masaa ya simulesheni chuoni, yaani kujifunza kwa mdoli badala ya mgonjwa, au wapelekwe wodini mapema wakaone wagonjwa. Mimi niko upande wa mdoli, ila kwa masharti.

Darasani tulikariri mtoto akizaliwa hapumui una dakika moja tu, unamkausha, unamsugua mgongo, akigoma unashika ambubegi, ule mfuko wa kupulizia hewa wenye maski, unampulizia. Kwenye mtihani nilipata zote. Siku nimekutana na mdoli maski ikakaa vibaya, hewa inatokea pembeni kifua hakipandi, tuta, yaani mwalimu wetu, akasema rudia, nikarudia weee mpaka kikapanda. Sasa lile kosa ningelifanyia wapi kwingine, kwa mtoto wa mtu?

Tena Marekani kuna utafiti mkubwa ulitoka 2014, ukaonyesha hata nusu ya masaa ya wodini yakichukuliwa na simulesheni wanafunzi wanamaliza wakiwa sawa tu na wenzao. Lakini wale walikuwa na walimu waliofundwa kuendesha zoezi, na likiisha wanakaa chini wanaongea nani alikwama wapi na kwa nini. Sisi tulizunguka mdoli mmoja kama 30 hivi, watano wanashika wengine tunachungulia mabegani, halafu wote tunasaini kwamba tumefanya. Hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Na hapa hapa nchini tuna funzo kubwa. Hospitali ya Haydom kule Manyara wahudumu walifundishwa siku moja kwa mdoli, utafiti wa 2013 ukakuta kwenye mdoli wamekuwa wazuri kweli ila kwa watoto halisi leba hakuna kilichobadilika. Walipoanza mazoezi mafupi mafupi ya mara kwa mara pale pale kazini ndo vifo vya watoto ndani ya masaa 24 vikapungua.

Wanaotetea wodi nao wana hoja nzito. Mdoli hauoni aibu. Mama katoka Kilolo huko na baridi lake, amekaa kimya uchungu anauficha, mpaka umsalimie Kihehe "kamwene" ndo anakwambia damu ilianza kutoka tangu jana, hilo plastiki haiwezi kukufundisha. Kwa hiyo masaa ya wodi yasipunguzwe hata kidogo. Ila kabla mwanafunzi hajaingia leba ashike ambubegi kwa mikono yake mwenyewe, kila wiki, hata dakika 10, na tuta asimame pembeni aangalie kama kifua kinapanda.