Muhuri wa mfalme na mawakili wa Edinburgh

Jamani muhuri ni kitu kizito nyie. Pale Edinburgh kuna chama cha mawakili kinaitwa WS Society, na hiyo WS ukiileta kwa Kiswahili ni waandishi wa muhuri, basi, wala hakuna neno sheria humo. Muhuri wenyewe, signet, ulikuwa ule mdogo wa mfalme wa Uskoti, wa mambo yake binafsi, na kazi ya hawa jamaa ilikuwa kuandaa hati za kugongwa muhuri huo. Chama wanakihesabu tangu 1594, pale mtunza muhuri alipowapa vibali msaidizi wake na waandishi wengine 18.

Sasa utamu uko hapa. Enzi hizo ukitaka kumshtaki mtu Court of Session, ambayo ndo mahakama yao kubwa ya madai, samansi inatoka kwa jina la mfalme, kwahiyo lazima ipite kwenye muhuri, na kwenye muhuri wamekaa wao. Hata uwe na haki kiasi gani utawapitia tu, na utatoa hela. Watu wanasifia eti heshima ya taaluma, mi naona lile lilikuwa geti na mwenye geti anakula, na walikula kweli mpaka sheria ya 1873 ikawafungulia mawakili wengine.

Ila siwezi kuwachukia, sababu ya Walter Scott, yule mwandishi wa riwaya wa Uskoti. Baba yake alikuwa WS, 1786 akamchukua ofisini kujifunza kazi, dogo ana miaka 14, ananakili mihati kwa mkono analipwa kwa ukurasa. Kuna siku alinakili kurasa zaidi ya 120 bila kuinuka hata kula, na hela akipata anazimalizia kwenye kuazima vitabu vya hadithi na kwenda thieta! Mzee wa watu anadhani anamlea wakili.

Halafu ile maktaba yao, Signet Library. Ukumbi wa juu uliisha 1822, manguzo safu kwa safu na kuba limechorwa Apollo, yule mungu wa Wagiriki, na wenzake, ukiona picha utajua wanajisifia, kumbe ulijengwa kwa ajili ya wapinzani wao, Faculty of Advocates, chama cha mawakili wanaosimama kutetea mahakamani, hawa WS wakaja kuununua 1826. Siku hizi kwenye jengo hilohilo unalipia chai ya saa kumi na vikeki.

Na samansi za Court of Session mpaka leo bado zinagongwa signet.