Jamani, gari halikuungua

Ile voisi ya shemeji yangu naona imeshafika mpaka Morogoro, maana mama kanipigia usiku wa manane analia, kaambiwa mwanawe kaungulia ndani ya pikapu huko Houston. Mama, na wengine wote mlioipokea: sijaungua. Gari nalo halijaungua. Kilichoharibika ni pilau, sufuria nzima ya kilo 10 za mchele, na ndiyo maana shemeji ana hasira za kuniua kwa mdomo.

Sasa nisikilizeni mimi mwenye aibu yangu.

Pikapu langu mnalijua, Chevrolet C10 ya 1974, injini ile V8 ya 350. Nikalinunulia roka za rola, vile vyuma vinavyokandamiza vavu za injini zifunguke, zote 16, dola 200 na ushee. (Mke wangu nilimwambia ni 80.) Roka za kiwandani ni bati lililokunjwa tu, ncha yake inasugua kichwa cha vavu. Hizi zina kigurudumu mbele na beringi katikati, raha tupu. Ila ni nene, na nati zake ni ndefu, kwa hiyo anayezifunga hununua na tapeti kava ndefu, yaani mfuniko unaozifunika roka. Watu wote wanajua hivyo. Hata mimi nilikuwa najua.

Lakini nilitaka kava zibaki zile zile za kiwandani, fupi, rangi ya chungwa, ili mtu akifungua boneti aone gari la babu, halafu nikamwonyeshe kazi barabarani.

Nikafunga. Nikawasha. Ka-ka-ka-ka! Kama mtu anatwanga kisamvu kwenye sinia. Nikaweka gasketi juu ya gasketi, kelele ikapungua lakini ikagoma kuisha. Nikafungua tena, nikaona ndani ya kava alama zinang'aa pale roka zilipokuwa zinagonga. Kava hizi kwa ndani zina vibati vidogo vimechomelewa, kazi yake kudondoshea oili juu ya roka. Na kipo kibati kimoja kikubwa, kimekaa chini ya tundu la vavu ya kupumulia injini, ile inayonyonya mvuke wa ndani na kuurudisha kwenye silinda uungue. Hicho sikujiuliza kinafanya nini pale.

Fundi mwenye akili angebandika udongo wa watoto wa kuchezea juu ya roka, akafunika, akazungusha krenki kwa spana taratibu, akajua panapogusa na kwa kiasi gani. Mimi nilichukua grenda. Cheche mpaka kwa jirani! Vibati vyote nikafyeka, na kile kikubwa kikaondoka na wenzake.

Kelele kwisha. Injini ikanguruma kama simba aliyeshiba. Nikakaa kwenye ndoo dakika kumi naisikiliza, najipongeza kimoyomoyo.

Sasa tarehe 9 Disemba, siku ya Uhuru, Watanzania wa huku tukakutana bustanini. Pikapu langu likapewa heshima ya kubeba pilau. Njiani nikasikia harufu ya oili, nikalisingizia lori la mbele. Nikafika, nikarudi kinyumenyume mpaka bandani, mkia wa gari ukitazama watu. Hapo mpakumbuke.

Shangazi mmoja wa hapa, mwenye pilau lake, akafunua sufuria pale pale kwenye bodi aangalie kama limekauka vizuri. Mzee mmoja, fundi magari wa zamani wa Gerezani, Dar, akanitania: “Kijana, ndilo hili unalotusumbua nalo kwenye grupu? Hebu liongee tulisikie.”

Hapo ningejifanya nimepoteza ufunguo. Lakini wapi.

Nikapanda. Mlango sikufunga, nilitaka wanione. Nikakanyaga mafuta taratibu. Injini ikapanda, ikapanda, watoto wakaziba masikio huku wanacheka. Shemeji kanielekezea simu. Injini nikaishikilia hapo juu. Nikamtafuta mke wangu kwa macho, nikamkonyeza. Halafu nikaachia mafuta.

Sasa, ukiachia mafuta ghafla, ndipo injini inapovuta kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Ile vavu ya kupumulia, isiyo na kibati tena cha kuikinga, ikakuta roka nane ziko chini yake zinairushia oili mdomoni. Ikanywa kama ngamia, ikaipeleka yote kwenye silinda.

Kwenye kioo cha pembeni nilimwona shangazi. Kisha nikaona nusu ya shangazi. Kisha kilemba chake tu. Kisha sikumwona shangazi.

Moshi wa bluu, mzito. Watoto wakashangilia, “Fataki! Fataki!” Mimi nikazima injini haraka, na mpaka hapo, wallahi, bado ningeweza kupona na heshima yangu kidogo.

Lakini banda la pili kulikuwa na Wamarekani na sherehe yao. Akachomoka mmoja, pande la mtu, na kizimamoto kakitoa garini kwake. Nikaruka chini nikimpungia mikono, napiga kelele kwamba si moto, ni oili, oili tu! Jamaa aliposikia oili ndiyo akaongeza mbio.

Akapuliza. Unga ukaanzia kwenye eksozi, ukapanda bodini, ukatua polepole juu ya pilau lililokuwa wazi. Nyama ya mbuzi, viazi, vijiti vya mdalasini vilivyochomoza, vyote vikawa vyeupe. Siku hiyo Houston nzima ilikuwa kavu, theluji ilianguka kwenye sufuria tu.

Akanishika bega, akaniuliza kama ni mzima. Nikamshukuru. Ningefanyaje? Kahangaika kuokoa maisha yangu ambayo hayakuwa hatarini.

Yule mzee akaja kimya kimya, akafungua boneti, akachomoa ile vavu, akaingiza kidole kwenye tundu.

“Baba, humu kulikuwa na kibati. Kiko wapi?”

“Nimekikata, mzee.”

“Kilikukosea nini?”

Basi. Ziliagizwa pizza, nimelipa mimi. Shangazi sufuria yake kaichukua, salamu yangu kaiacha. Mke wangu bei ya roka sasa anaijua, msiniulize kaijuaje, muulizeni kaka yake. Nimefunga kava ndefu zenye kibati chake, moshi umeisha, ila nikifunga breki unga bado unatoka sijui wapi.

Na jana wametuma orodha ya mkesha wa Mwaka Mpya. Shangazi: pilau. Shemeji: nyama. Halafu jina langu, mwisho kabisa: barafu, na aje na lifti ya mtu.