Hofu ya Mkubwa Ndiyo Kimya cha Wadogo

Miaka michache iliyopita niliongoza kamati ya watu saba iliyokuwa na kazi moja tu, nayo ni kuhamisha kumbukumbu za ofisi kutoka kwenye mafaili ya karatasi na kuziingiza kwenye mfumo mpya wa kompyuta kabla ya mwisho wa robo ya mwaka. Katika kikao cha tatu, katibu wetu aliinua mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenyekiti, mimi nina wasiwasi kidogo na hii tarehe." Sikumwacha amalize. Nilitabasamu, nikamwambia, "Hilo tulishalimaliza, dada, tusonge mbele." Hatukuwa tumelimaliza, hatukuwa hata tumelianza. Akaifunika kalamu yake taratibu, akailaza juu ya daftari, na kikao kikaendelea kwa utulivu ambao mimi, kwa ujinga wangu, niliuita makubaliano. Katika kumbukumbu za kikao kile, ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyeziandika, imeandikwa kwamba wajumbe wote waliridhia.

Siku ilifika na kazi haikuwa imefika hata nusu. Nilipomuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini hakunitahadharisha, hakubishana nami. Alisema tu, "Nilitaka kusema, mwenyekiti, nikaona umekwisha kuamua."

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, na limenifikisha kwenye maoni ambayo najua hayatawafurahisha wenzangu wenye vyeo: tunapolalamika kwamba watu walio chini yetu hawasemi, mara nyingi tatizo si uoga wao bali ni namna sisi wenyewe tunavyoshindwa kuibeba hofu yetu. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Wakubwa wangu walikuwa wameniuliza juu ya tarehe ileile mara mbili katika wiki moja, nami nilikuwa nimewaahidi mambo ambayo sikuwa na hakika nayo, kwa hiyo kila swali lililotoka mezani nililisikia kama shtaka. Katibu alikuwa anazungumzia kalenda, lakini mimi nilisikia akizungumzia uwezo wangu.

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kazi yao ya mwaka 1984 kuhusu msongo wa mawazo, walitofautisha njia mbili ambazo binadamu hutumia anapokabiliwa na jambo linalomzidi. Njia moja ni kulishughulikia tatizo lenyewe. Nyingine ni kuzishughulikia hisia ambazo tatizo limeziamsha. Hakuna iliyo mbaya kwa asili yake, kwani aliyefiwa, kwa mfano, hana tatizo la kutatua, ana majonzi ya kutuliza. Hatari huanza pale mtu anapodhani anatumia ya kwanza kumbe anatumia ya pili. Nilipomnyamazisha katibu, nilijiona kiongozi imara anayelinda ratiba; kwa hakika nilikuwa najitibu wasiwasi, na dawa niliyoitumia ilikuwa kimya chake. Nafuu niliipata papo hapo. Ilidumu hadi jioni.

Mfano unaonijia kila ninapofikiria jambo hili ni wa ajali ya Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ya tarehe 27 Machi 1977, ambapo ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM, shirika la Uholanzi, na nyingine ya Pan Am, shirika la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia katikati ya ukungu na watu 583 wakapoteza maisha. Wengi huikumbuka kwa idadi hiyo. Mimi huikumbuka kwa dakika zake za mwisho ndani ya chumba cha marubani wa KLM. Kepteni alikuwa mtu mashuhuri katika kampuni yake, mkufunzi mkuu wa marubani wa aina ile ya ndege, na rubani msaidizi aliyeketi pembeni yake alikuwa amepimwa na kupitishwa na kepteni huyohuyo miezi michache tu kabla. Safari ilikuwa imechelewa kwa saa kadhaa, na sheria kali za muda wa kazi zilimaanisha kwamba wakikawia zaidi huenda wasiruhusiwe kuruka siku ile. Kepteni alipoanza kusukuma ndege mbele, msaidizi wake alimkumbusha kwamba bado hawakuwa wamepata ruhusa ya mnara. Kepteni akasimamisha ndege, akamwambia aiombe. Muda mfupi baadaye kepteni alianza tena kuondoka, ruhusa ya kuruka ikiwa bado haijatolewa, na safari hii msaidizi hakumpinga. Ndege ilipokuwa tayari inakimbia, mhandisi wa ndege akauliza kama ile ya Pan Am ilikuwa bado haijatoka njiani. Kepteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena.

Itazame hesabu hiyo. Msaidizi alisema mara moja, mhandisi akauliza mara moja, na kila mmoja alikuwa na haki. Hakuna anayeweza kusema walikuwa waoga, maana mwoga halisi asingefungua kinywa kabisa. Kilichokosekana ni mara ya pili, na mara ya pili haitegemei anayesema. Hutegemea jinsi alivyopokelewa mara ya kwanza. Usafiri wa anga ulijifunza somo hilo kwa gharama kubwa, kwani katika miaka iliyofuata mafunzo ya marubani yalianza kuhusisha si tu namna ya kurusha ndege bali pia namna ya kusemezana ndani ya chumba kile, huku makepteni wakifundishwa kusikiliza na wasaidizi wakifundishwa kusisitiza.

Na wale watano wengine kwenye kamati yangu, waliobaki kutazama meza? Hapo huwa nakumbuka majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambapo mtu alitakiwa kulinganisha urefu wa mistari, kazi ambayo mtoto angeiweza, huku wenzake chumbani, waliopangwa kwa siri, wakitoa kwa pamoja jibu lililo wazi kuwa la uongo. Takribani theluthi moja ya majibu katika mizunguko hiyo ililifuata kundi. Wengi wanaousimulia utafiti huo huishia hapo, wakicheka kwamba binadamu ni bendera hufuata upepo. Sehemu ninayoithamini zaidi ni nyingine: alipowekwa mwenzi mmoja tu aliyesema kweli, idadi ya waliofuata uongo ilishuka sana. Kwa hiyo nilipomkatiza katibu, hasara haikuwa sauti moja. Niliwanyang'anya wale watano yule mmoja ambaye wangemfuata.

Ndiyo sababu sina imani kubwa na semina za kuwafundisha watumishi wa ngazi ya chini kujiamini na kusema bila woga, hasa pale anayezilipia ni bosi yuleyule anayekunja uso akiulizwa swali. Wanafunzi wa semina hizo si wajinga. Mtu hupima kwanza atakachopata akisema na atakachopoteza, naye akiona hasara iko karibu na faida iko mbali, kunyamaza kwake ni uamuzi wenye akili, hata kama ofisi nzima italipia baadaye. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza makosa ya dawa katika timu za hospitali miaka ya 1990, alikutana na matokeo yaliyomshangaza: timu zilizoonekana bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo ziliyataja makosa yake, ilhali nyingine ziliyafunika. Kiongozi anayejivunia kwamba idara yake haina malalamiko angefaa alale na matokeo hayo usiku mmoja.

Najua nitajibiwa kwamba kiongozi anayesikiliza kila wasiwasi hataamua lolote. Hilo ni kweli kwa kiasi, lakini katibu wangu angehitaji dakika mbili, na kumkatiza kulitugharimu miezi miwili.

Wazee wanasema mkubwa ni jalala. Kwa kawaida msemo huo hutolewa kumpoza mkubwa aliyelemewa na lawama za kila mtu, nami nimeusikia ukisemwa kwa huruma na hata kwa mzaha. Siku hizi nausikia kama maelezo ya kazi. Jalala halichagui, hupokea kilicholetwa, kichafu na kisafi, bila kumuuliza aliyekileta kwa nini amekileta leo. Lakini jalala lisilozolewa hufurika, na hili ndilo tunalolisahau tunapomkabidhi mtu uongozi: tunamfundisha bajeti na taratibu za vikao, hatumwulizi hata siku moja hofu zake anazipeleka wapi. Asipokuwa na pa kuzipeleka, iwe kwa mwenzi, rafiki wa rika lake au mshauri wa kitaalamu, atazimwaga juu ya wale ambao hawawezi kumrudishia.

Mimi nilipata rafiki wa aina hiyo, mtu asiyehusika kabisa na ofisi yetu, na kabla ya vikao vigumu humpigia simu nikamweleza ninachokiogopa. Kisha huingia kikaoni na kuuliza swali ambalo zamani nisingeliuliza: "Ni nani anaona mpango huu utakwama, na utakwamia wapi?" Mara ya kwanza walitazamana, wakadhani ni mtego. Nikanyamaza nikingoja, na kimya kikawa kirefu kiasi kwamba nilisikia feni. Katibu ndiye aliyeanza. Alitaja mambo matatu, na kwenye la pili nilihisi shingo ikipata moto na ulimi ukitaka kusema kwamba hilo tulishalimaliza.

Nikaandika alichosema, nikamwomba aendelee na la tatu.